Gede ianziwe msituni, kasri lije mwisho

Kwa Mhariri,

Shule zikikaribia kufungwa, mabasi ya wanafunzi na magari ya familia huanza kuteremka kutoka Nairobi kwenda Pwani, na mengi hupitia magofu ya Gede, pale penye njia panda ya Watamu, kilomita 15 hivi kabla ya kufika Malindi. Tunawaandikia walimu na wazazi kuwaomba wageuze mpango wa matembezi yao. Kawaida kundi hufika saa 6 mchana jua likiwa utosini, hupita moja kwa moja hadi kasrini, hupanga foleni kupigwa picha chini ya lile tao la mlango lililochongoka juu, watoto huwarushia kima ndizi, na baada ya dakika 40 kila mtu yumo garini anauliza ufuko uko wapi. Wanarudi Nairobi na picha ya mlango wa mfalme. Mji hawakuuona.

Mji wenyewe ni ekari 45 hivi, karibu sawa na viwanja 25 vya mpira. Ulikaliwa tangu yapata karne ya 12, ukastawi katika karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ulizungushiwa kuta mbili, mmoja ndani ya mwingine. Ukuta wa nje ulifika futi 9 kwenda juu. Wa ndani ulikumbatia msikiti mkuu, kasri na nyumba za mawe za waliojiweza, na hayo ndiyo magofu anayoyaona mgeni. Kati ya kuta hizo mbili waliishi watu wa kawaida, katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti. Fito zililiwa na mchwa, udongo ukarudi kuwa udongo, na mahali pao pamesimama msitu. Ndiyo maana tunasema njia ya msituni si ya watazama ndege peke yao. Anayeiruka ameuruka mtaa mzima wa wakulima, wavuvi, wafinyanzi na watwana, kisha anakwenda kuwaambia wenzake kwamba Waswahili wa kale wote waliishi katika majumba ya mawe.

Kwa hiyo mpango wetu ni wa kutoka nje kuingia ndani: msitu kwanza, kisha kuta, kaburi, msikiti, nyumba, na kasri mwisho. Saa 3 zinatosha bila kukimbizana. Wanaotaka kutembea wenyewe bila kiongozi wanaweza, mradi wamejitayarisha, na matayarisho huanza Nairobi.

Usipange kufika Gede siku ileile ya kusafiri. Treni ya asubuhi kutoka Syokimau hufika Miritini mchana, na kutoka hapo bado una Mombasa ya kuvuka na zaidi ya kilomita 100 za barabara. Utafika jua linazama, watoto wamechoka na lango linafungwa. Lala Watamu au Malindi, ufike langoni asubuhi linapofunguliwa. Anayepanda matatu ya Mombasa kwenda Malindi amwambie makanga amshushe Gede, penye barabara ya Watamu. Kutoka hapo bodaboda au tuktuk ni dakika chache, na kwa miguu ni kama robo saa. Simu iwe na chaji na salio la kulipia kiingilio.

Maji ni lita moja na nusu kwa mtu mzima na lita moja kwa mtoto. Mtu wa Nairobi amezoea baridi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako jasho hukauka kabla hujalihisi. Gede hewa ina unyevu na msitu unazuia upepo, hivyo jasho linakaa mwilini bila kukupoza, na kichwa kinaanza kuuma kabla kiu haijaja. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwa sababu mawe ya matumbawe yana ncha kama msumeno na ndala hazifai kabisa. Suruali iwe ndefu, kwa ajili ya mbu, kupe, siafu baada ya mvua, na upupu wakati wa kiangazi. Upupu ukikugusa usijikune, utaueneza. Toa zile nywele zake zinazowasha kwa utepe wa gundi au kwa tope lililokauka, ndipo unawe. Beba pia tochi ndogo. Kazi yake tutaieleza tukifika kaburini.

Sasa msitu. Wagawe watoto kwa vikundi visivyozidi wanane, na kila kikundi kiachane na kinachofuata kwa dakika 10. Kundi la watoto 40 likiingia pamoja, kila chenye miguu kitakuwa kimekimbia kabla ya mtoto wa tano kuingia. Anayewindwa kwa macho hapa ni isanje mwenye kiuno cha dhahabu. Ukubwa wake ni kama sungura mdogo, pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, miguu myembamba, na matakoni ana kiraka cha manjano kinachong'aa kwenye kivuli kana kwamba amekalia rangi mbichi. Mnyama huyu hapatikani popote duniani isipokuwa vipande vya misitu ya pwani ya Kenya, hasa Arabuko-Sokoke, ambao ni jirani wa Gede, na humu ndani ya magofu. Hula mchana, akifukua majani makavu kutafuta wadudu, na asubuhi ndipo anaposhughulika zaidi. Wengi humkosa kwa kumtafuta kwa macho huku wanatembea. Simama. Dakika 10 bila neno, masikio yakielekea chini. Utasikia mchakuro mwepesi wenye kusita, si ule mfululizo wa mjusi. Akishtuka hupiga mkia kwenye majani, pa pa pa, kisha huruka kama swala mdogo. Ukiona rundo la majani yaliyokusanywa vizuri chini ya kichaka, usilichokoe kwa fimbo; huenda ni malazi yake.

Juu, sauti inayofanana na mtoto mchanga anayelia ni hondohondo. Chini, baada ya mvua, ni majongoo meusi marefu kama kalamu. Hawaumi, lakini wakishikwa hutoa majimaji yanayotia doa la kahawia kwenye vidole, na mtoto akijisugua macho atalia. Kati ya Aprili na Oktoba hushukia hapa pia ndege mmoja adimu wa chini, tumbo jeupe lenye madoa meusi, naye pia hutafuta chakula majanini. Aliyesimama kumngojea isanje mara nyingi ndiye anayemwona.

Miti ya kuijua kwa jina ni minne tu, inatosha. Mbuyu kila mtu anaujua. Mkwaju utautambua kwa majani madogo yaliyopangwa pande mbili na maganda ya ukwaju chini. Mfune ni ule mrefu ulionyooka, gome laini la rangi ya manjano iliyofifia, hauna tawi hadi juu kabisa. Wa nne ni mkuyu na jamaa zake, na huo ndio wenye kesi na kuta, tutaurudia.

Humo msituni mfundishe mtoto kutofautisha kichuguu na kifusi. Kichuguu ni cha mviringo, udongo wa aina moja, kimesimama peke yake. Kifusi cha ukuta ulioanguka ni mwinuko mrefu ulionyooka, mara nyingi hauzidi goti, na ukiutazama ubavuni utaona vipande vya matumbawe vyenye matundu. Mwinuko ukikutana na mwingine kwa pembe, hiyo ni kona ya chumba. Panapokosekana mwinuko wowote kwa hatua nyingi, ardhi sawa, majani tu, hapo ndipo pa kumwambia mtoto kwamba watu wengi zaidi waliishi mahali kama hapa na hawakuacha hata jiwe.

Kuhusu kima. Hawa wa Gede wamewazoea watu kiasi cha kupekua mikoba, na wageni wengi huona hiyo ndiyo furaha ya safari. Sisi tunaona ni kosa, tena kubwa. Kima akishajua mkono wa mtoto una ndizi, hatofautishi tena mkono wenye ndizi na usio nayo. Ananyakua, mtoto anavuta, kima anang'ata, na safari inaishia hospitali kutafuta sindano ya kichaa cha mbwa. Chakula chote kibaki garini. Mfuko wa plastiki usionekane, hata kama una sweta tu, kwa sababu mlio wake ndio kengele yao. Akikukaribia, onyesha viganja vitupu, usimtazame machoni, usicheke ukionyesha meno, rudi nyuma polepole. Miwani ivuliwe iwekwe mfukoni.

Ukitoka msituni utakutana na kuta, na hapa mkuyu unaingia. Ndege hula tunda lake, hukalia ukuta, huacha mbegu katika ufa. Mbegu haihitaji zaidi ya kiganja cha vumbi na umande. Mzizi hushuka ukutani kama uzi, mwaka baada ya mwaka huwa kamba, kisha huwa mguu, na ukuta hupasuka katikati. Mgeni akiona hivyo huuliza mbona hawaukati. Ukikatwa ghafla, mizizi iliyo ndani huoza na kuacha mashimo pale ilipokuwa imeshika mawe, na ukuta uliokuwa umepasuka lakini umesimama huporomoka. Tena, matawi ya msitu ndiyo mwavuli wa magofu. Chokaa ya kuta hizi ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na mvua ya moja kwa moja huiyeyusha kidogo kidogo. Kila mti ni uamuzi wake, na watu wa makumbusho hulazimika kuamua mti kwa mti. Wewe kazi yako ni ndogo: usipande ukuta. Mawe ya juu kabisa ndiyo yaliyoachwa na chokaa zaidi, na mguu mmoja wa mtoto wa kilo 30 unatosha kuyasukuma.

Mti uliosimama katikati ya chumba ni saa ya ukutani. Hauwezi kuwa mkubwa kwa umri kuliko siku chumba kilipoachwa, kwa hiyo hata mbuyu mnene kiasi gani, ukiwa ndani ya nyumba ya Gede, hauzidi miaka 400 na ushei hivi, si elfu kama watu wanavyopenda kuambiana.

Kituo cha kwanza baada ya ukuta ni lile kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 wa Miladi. Watu hulipita kwa sababu ni dogo na maandishi yamefifia. Hapo ndipo pa tochi. Usiiwashe ikiangalia jiwe uso kwa uso. Ilaze ubavuni, karibu igusane na ukuta, mwanga upite juu ya maandishi kama jua la asubuhi linavyopita juu ya matuta ya shamba. Kila mkwaruzo utatoa kivuli chake na herufi zitainuka. Usitumie chaki wala mkaa kujazia herufi. Unga wake huingia katika vitundu vya jiwe na hautoki. Kaburi hilo lilimfaa sana mwanaakiolojia James Kirkman, aliyechimba Gede kuanzia 1948 hadi 1958, kwa sababu lilimpa tarehe moja ya uhakika ya kuishikilia. Kilicho chini ya tabaka la kaburi ni cha kabla ya 1399, kilicho juu ni cha baadaye, na vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vya China na Uajemi vilivyotoka katika kila tabaka vikasaidia kupanga umri wa mji mzima. Karibu na hapo lipo kaburi la nguzo, nguzo yenye mifereji, ya aina inayopatikana pwani yote hii.

Msikiti mkuu uko mbele. Acha kelele. Ni nyumba ya ibada hata kama paa halipo. Ulijengwa katikati ya karne ya 15 na ukajengwa upya kama miaka 100 baadaye. Mambo matatu ya kutazama. La kwanza, juu ya tao la mojawapo ya milango, ncha pana ya mkuki iliyochongwa, tochi tena. La pili, mihrabu, ile sehemu ya ukuta iliyoingia ndani kuonyesha upande wa Makka. Makka iko karibu kaskazini halisi mwa Gede, hivyo mihrabu ni dira. Ukipotea katika njia zinazogawanyika msituni, na wengi hupotea kwa kuwa kila gofu hufanana na jingine, tafuta msikiti wowote, simama mbele ya mihrabu, na kaskazini iko puani mwako. Bahari iko mkono wa kulia. Katika mihrabu na makaburi ya pwani, mafundi walikuwa wakipachika bakuli za kaure ukutani. Nyingi zimeng'oka. Kishimo cha mviringo kilichobaki ndicho alama yake.

La tatu ni kisima, na hapa tunaomba watoto wasimamishwe dakika 10 kamili. Kwanza usalama: wakae hatua mbili kutoka ukingoni, mwalimu upande huu na mwingine ule, atazame mmoja mmoja. Kisha waulizwe swali hili: mji usio kando ya bahari, kilomita 6 hivi kutoka ufukweni na 3 hivi kutoka mkono wa bahari unaopitika kwa vyombo, uliishi kwa maji gani? Hakuna mto. Maji yote ya kunywa, kuoga, kutawadha na kupikia chokaa yalitoka katika visima kama hiki, vilivyochimbwa kupita tabaka za matumbawe. Baadhi vilibidi kuchimbwa zaidi kwenda chini baada ya muda, na hiyo ni dalili kwamba maji yalikuwa yakizama. Wanahistoria hutaja sababu kadhaa za mji kuhamwa: Wazimba waliopita wakiteketeza pwani mwaka 1589, shehe wa Malindi kuhamia Mombasa mwaka 1593 pamoja na Wareno, mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini. Zote zina uzito, na pengine zilishikana. Lakini ya maji ndiyo pekee unayoweza kuisimamia ukingoni na kuitazama kwa macho yako, na sisi tungeipa uzito mkubwa kuliko inavyopewa katika masomo ya darasani.

Jambo jingine la kushangaza: Wareno walikaa Malindi kwa karibu karne nzima ya 16, umbali wa kutembea kwa siku moja, na hawakuacha maandishi yoyote yanayoutaja mji huu.

Sasa nyumba, na hapa majina huwachanganya watu. Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Sarafu za China. Mtoto hudhani aliishi hapo fundi cherehani au tajiri wa sarafu. Majina hayo ni ya wachimbaji. Nyumba nyingi zimeitwa kwa kitu kilichookotwa ndani yake. Na kuna kosa ambalo Kiswahili chenyewe kinatutegea. Iko Nyumba ya Kauri na iko Nyumba ya Bakuli la Kaure. Kauri hapa ni simbi, yule kome mdogo mgumu wa baharini aliyetumika kama pesa. Kaure ni vyombo vyeupe vinavyong'aa vya China. Siku hizi tunaita vyote viwili kauri, na karatasi nyingi za wanafunzi zimechanganya nyumba hizo mbili. Andikeni simbi na kaure, mkanganyiko utaisha.

Chagua nyumba moja tu uisome vizuri, badala ya kuzipitia zote kumi na kitu. Ingia kwa mlango. Utajikuta katika kiwanda, kwa maana ya zamani ya neno hilo, yaani ua wa ndani usio na paa, uliowekwa chini kidogo ya vyumba. Kisha panda kwenye chumba kirefu cha kupokea wageni, kisha vyumba vya kulala nyuma yake. Pima upana wa chumba chochote kwa hatua. Hautazidi mita 3 au hivyo, hata urefu uwe mara nne ya hapo. Sababu iko juu, mahali ambapo pametoweka: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko inayoweza kubeba uzito wa mawe na chokaa haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Mkoko ndio uliopanga upana wa nyumba ya Mswahili kuanzia Lamu hadi Kilwa. Tafuta zidaka, vile visanduku vya ukutani vya kuwekea taa na vyombo. Tafuta choo, chenye shimo na mahali pa kujitawazia. Kisha nyuma kabisa tafuta chumba chembamba kisicho na mlango. Watoto huita jela. Ilikuwa ghala: watu waliingia kwa ngazi kupitia kitundu kilichokuwa juu karibu na dari, na mwizi asingejua pa kuanzia.

Kasri sasa, baada ya saa mbili na nusu. Mtoto aliyekwisha kupita msituni, akapima chumba cha kawaida na kuona kisima, ataliona kasri kwa jicho jingine. Upana wa vyumba ni uleule, kwa kuwa hata mfalme alitumia boriti za mikoko. Kilichozidi ni idadi ya nyua na vyumba. Katika ua wa baraza tazama matundu madogo ukutani, yaliyopigiliwa vigingi vya kutundikia mazulia na mapazia. Humo ndani lilipatikana fingo, chungu kilichofukiwa chini kwa ajili ya kulinda nyumba. Wazee wa Kimijikenda wanaliheshimu eneo hili hadi leo, na sehemu za msitu hutumika kwa ibada. Ukikuta kitambaa kimefungwa mtini au chombo kimewekwa chini, pita bila kugusa wala kupiga picha.

Vigae utaviona kila mahali, hasa baada ya mvua kuosha njia. Vingine vya udongo wa kienyeji, vingine vyenye rangi ya kijani au samawati. Kuvichukua ni kosa chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006. Ukiacha sheria, kumbuka kaburi la 1399: kigae kina maana kikiwa pale kilipolala. Mezani kwako South B hakisemi lolote. Mruhusu mtoto akiinamie, akichore, akiache.

Kuanzia Julai 2024 Gede imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikiwa ya nane kwa Kenya, na tunatarajia mabasi yaongezeke. Ndiyo sababu tunaomba kila shule ichapishe karatasi yake ya matembezi kwa Kiswahili kabla ya kusafiri, ukurasa mmoja uliokunjwa mara mbili. Ramani ndogo yenye mshale wa kaskazini na kuta mbili. Vituo saba, si zaidi. Kila kituo kiwe na kitu kimoja cha kutafuta, kitu kimoja cha kupima na onyo moja. Karatasi nzito, kwa maana nyepesi huloa jasho na kuraruka kabla ya msikiti. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu hutawanyika kwenye unyevu ule. Msiende wakati wa masika kama mnaweza kuchagua: kati ya Aprili na Juni sakafu za kale hufanya kuvu la kijani na huteleza kama sabuni. Mkilazimika, ruka nyumba zenye ngazi.

Makumbusho madogo yaliyo langoni muyaache hadi mwisho. Watoto watakuwa wamechoka, jua limepanda, na kivuli kitawafaa. Zaidi ya hapo, mkasi na taa ya chuma vitakuwa na nyumba ya kuvirudisha akilini mwao. Mkipita Mombasa mkirudi, vitu vingine vya Gede vimo Fort Jesus. Jirani na lango pia upo mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, unaonunua vifukofuko vya vipepeo kutoka kwa wanakijiji wanaopakana na Arabuko-Sokoke na kuviuza ng'ambo. Vipepeo huruka vizuri jua likishika, kwa hiyo saa 5 asubuhi ndiyo saa yake hasa.

Nyuma ya karatasi acheni nafasi tupu. Mtoto achore ramani ya chumba kimoja alichokipima kwa hatua zake mwenyewe, aandike urefu, upana, mlango uko upande gani wa mihrabu, na kama kuna mti ndani, ni mti gani.

Watembezi na walimu wapenzi wa magofu ya Pwani,
Nairobi